Utaratibu wa Kuzungumza kwa Simu ya Upepo: Maneno Yapimwe kwa Sikio

Mwenye kusimama mjini Tukuyu siku isiyo na ukungu, nayo ni siku adimu, huona upande wa kusini nchi ikiteremka polepole kupitia mashamba ya chai na migomba hadi bonde la Kyela na maji ya Ziwa Nyasa. Akigeuka kaskazini huona jambo jingine kabisa. Mlima Rungwe, wenye kimo cha mita 2,960 hivi, umesimama mbele yake kama ukuta, na kushoto kwake ipo safu ya Uporoto pamoja na Mlima Ngosi wenye ziwa ndani ya kreta. Kwa njia ya ndege arukaye, Uyole haiko mbali na Tukuyu kuliko Kyela. Hata hivyo mwenye simu ya upepo ya masafa ya VHF, akiwa na antena nzuri juu ya paa, ana matumaini makubwa ya kumpata mwenzake aliye Kyela, na hana matumaini yoyote ya maana ya kumpata aliye Uyole. Hitilafu haimo katika chombo. Mawimbi ya masafa hayo husafiri karibu sawa na mwanga, kwa mstari ulionyooka, nayo hayapenyi mlima.

Kanuni yenyewe ni nyepesi, na yafaa ifundishwe pamoja na somo la mawimbi. Chukua kimo cha antena kwa mita, tafuta kipeuo cha pili cha kimo hicho, kisha zidisha kwa 4.1. Jibu ni umbali wa upeo wa redio kwa kilomita. Askari wawili wanaosimama katika uwanda tambarare, antena ya kila mmoja ikiwa mita 2 juu ya ardhi, wana upeo wa kilomita 6 kila mmoja, yaani kilomita 12 baina yao, na hapo hesabu ya miti na majumba haijaingia. Mtu aliye kileleni mwa Rungwe, karibu mita 2,490 juu ya uso wa Ziwa Nyasa, ana upeo wa kilomita 200 na zaidi. Ndiyo sababu wenye mitambo hupanda milimani, na ndiyo sababu katika vita vingi vya karne iliyopita vilele vilipiganiwa hata pale ambapo havikuwa na chakula wala maji.

Kwa nchi ya milima ipo njia ya pili, ambayo walimu wa fizikia huitaja kwa haraka mno. Mawimbi mafupi ya masafa ya HF, kati ya megahezi 3 na 30, yanaweza kurudishwa chini na tabaka la angahewa liitwalo ayonosfia, lililo juu ya vichwa vyetu kwa mamia ya kilomita. Antena ikitandikwa chini chini, waya wake ukilala sambamba na ardhi, mawimbi hupanda karibu wima, hugonga tabaka hilo, na kurudi ardhini kama mvua inyeshayo pande zote mbili za mlima. Kwa njia hiyo Tukuyu huzungumza na Uyole bila kujali kwamba Ngosi ipo. Waya wenyewe ni wa bei ndogo. Kwa megahezi 5 urefu wa wimbi ni mita 60, nusu yake ni mita 30, na mikaratusi miwili yatosha kuwa milingoti. Mchana hutumiwa masafa ya juu zaidi na usiku ya chini zaidi, kwa sababu jua likizama ayonosfia hupungua nguvu. Madaktari Wanaoruka wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957, pamoja na hospitali nyingi za misheni Afrika Mashariki, walitegemea simu za namna hii kwa miaka mingi kabla ya simu za mkononi kuenea.

Neno moja juu ya mvua, kwa kuwa Rungwe ni miongoni mwa wilaya zenye mvua nyingi kabisa nchini. Wengi huamini kwamba mvua huzima redio. Kwa masafa yanayozungumzwa hapa imani hiyo si sahihi: matone ya mvua huyasumbua mawimbi ya masafa ya juu mno, kama yale ya setilaiti, na si haya. Linaloharibu mawasiliano ni radi, ambayo hujaza mawimbi mafupi kwa mikwaruzo; ni majani mabichi ya msitu, ambayo hunyonya nguvu ya VHF; na ni kutu katika viungo vya waya. Hayo matatu yapo Rungwe, na yapo pia mahali pengine ambapo vijana wa Tanzania wamepelekwa kwa kazi nzito zaidi.

Mahali hapo ni mashariki ya Kongo. Tarehe 28 Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2098, lililounda Brigedi ya Kujibu Mapigo ndani ya jeshi la kulinda amani la MONUSCO. Brigedi hiyo iliundwa kwa askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Ardhi waliyoikuta ni ndugu wa ardhi ya Rungwe: ni tawi lile lile la magharibi la Bonde la Ufa, lenye volkano, mabonde ya kina, misitu na ukungu. Kabla ya hapo Watanzania walikuwa wamekwenda Liberia mwaka 1994, na baadaye Lebanon na Darfur. Darfur, tarehe 13 Julai 2013, askari 7 wa Tanzania waliuawa katika shambulio la kuvizia. Tarehe 7 Desemba 2017 kituo cha Semuliki, wilayani Beni, kilishambuliwa, na siku iliyofuata Umoja wa Mataifa ulitangaza kuwa askari 14 wa Tanzania wameuawa na wengine wengi kujeruhiwa. Katibu Mkuu, António Guterres, alilitaja kuwa shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni. Uchunguzi wa Umoja huo, uliotolewa Machi 2018, ulitaja kukosekana kwa mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu au kuwaondoa askari, kasoro za uongozi na amri, na upungufu wa mafunzo.

Si haki kudai kwamba maneno ya redio ndiyo yaliyoleta msiba ule, na makala haya hayadai hivyo. Lakini msaada wote ambao kituo kilichozingirwa huweza kuupata, iwe ni helikopta, gari la deraya, mizinga au daktari, huanzia katika sentensi moja inayosemwa kwa sauti ya mtu katika chombo kidogo, ikapokewa na mtu mwingine asiyemwona. Sentensi hiyo ikipotoka, vyombo vyote vya thamani vilivyoko nyuma yake hupotoka nayo. Kwa hiyo ni ajabu kwamba katika mashule yetu mwanafunzi hufundishwa kukokotoa urefu wa wimbi, wala hafundishwi hata siku moja jinsi ya kusema jambo juu ya wimbi hilo likafika salama.

Majeshi yana kanuni zake, na si kazi ya jarida la sayansi kuzijadili. Zipo hata hivyo kanuni za kimataifa ambazo hazina siri yoyote, zitumikazo na marubani, manahodha, zimamoto na walinda amani kwa pamoja. Sikiliza kwanza kabla ya kusema. Bonyeza kitufe, ngoja kitambo, ndipo useme, la sivyo silabi ya kwanza hukatika. Taja jina la unayemwita kwanza, kisha lako. Sema kwa ufupi, kisha toa nafasi. Neno "ova" maana yake ni "nimemaliza, nangoja jibu lako". Neno "auti" maana yake ni "nimemaliza, singoji jibu". Wanaosema yote mawili kwa pamoja wamejifunzia katika filamu. "Roja" maana yake ni "nimepokea ujumbe wote", wala haina maana ya "ndiyo" au "nakubali". "Wilko" ndiyo yenye ahadi ya kutekeleza.

Sababu ya ukali huu ni ya kifizikia. Katika redio nyingi za namna hii chaneli hupitisha sauti ya mmoja tu kwa wakati mmoja. Wawili wakibonyeza pamoja katika redio za FM, yule mwenye mawimbi yenye nguvu zaidi humfunika mwenzake kabisa, na mpokeaji hasikii hata dalili kwamba kulikuwa na mwingine. Aliyefunikwa naye hajui. Amesema, amemaliza, ameweka chombo chini, na anaamini kwamba msaada u njiani. Hakuna njia ya kujua isipokuwa mpokeaji ajibu kwa kurudisha ujumbe aliousikia.

Sasa tuje kwenye Kiswahili, ambako ndiko hoja yenyewe iliko. Lugha hii ilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya SADC mwaka 2019 na lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika mwaka 2022. Majeshi ya Tanzania na ya Uganda yalipopigana mwaka 1978 na 1979, yote mawili yaliamrishana kwa Kiswahili. Jeshi la Jumuiya ya Afrika Mashariki lililokaa Kivu ya Kaskazini kuanzia mwishoni mwa 2022 hadi Desemba 2023 lilikuwa na askari wa Kenya, Uganda, Burundi na Sudan Kusini, na lugha ambayo wengi wao waliweza kuzungumza na wananchi ni hii. Hapana shaka kwamba Kiswahili kitaendelea kusemwa katika simu za upepo za walinda amani, iwe kimeruhusiwa kwa maandishi au hakikuruhusiwa. Linalopasa kuulizwa ni iwapo kimewahi kupimwa kwa kazi hiyo.

Redio ya sauti haipitishi sauti yote ya binadamu. Hupitisha mitetemo kuanzia hezi 300 hivi hadi 3,000 au 3,400, na iliyobaki hukatwa ili kuokoa nafasi na nguvu. Irabu zetu tano hufika vizuri mno. Katika hili Kiswahili kina bahati kuliko Kiingereza chenye irabu nyingi zinazofanana. Lakini sauti ya s ina sehemu kubwa ya nguvu yake juu ya hezi 4,000. Ikikatwa, hubaki pumzi tu, na pumzi hiyo hufanana na mkwaruzo wa redio yenyewe. Fikiri basi juu ya sarufi yetu. Tofauti kati ya "mvuke mto" na "msivuke mto" ni silabi moja, na silabi hiyo huanza na s. Tofauti kati ya "piga" na "usipige" ni kubwa kidogo, ila ni ya aina hiyo hiyo. Lugha iliyoweka katazo lake lote katika silabi "si" imeweka roho za watu mahali ambapo redio haisikii vizuri. Dawa yake si kupiga kelele. Katazo litolewe kwa neno zima lenye irabu nzito na litamkwe mara mbili, kama vile "marufuku, marufuku kuvuka", au amri ipinduliwe iwe ya kutenda: "bakini ng'ambo ya kaskazini". Mwalimu wa Kiswahili atasema kwamba sentensi hizo hazina ufasaha. Na aseme.

Hali ni hiyo hiyo katika viambishi vya wakati. "Wanakuja", "wamekuja", "walikuja" na "watakuja" hutofautiana kwa silabi moja iliyofichwa katikati ya neno, ambapo sikio lililochoka haliitafuti. Mwenye kutoa taarifa ya adui ataje wakati kwa neno la peke yake: "wakati, sasa", "wakati, jana jioni".

Halafu zipo tarakimu. Tatu na tano huanza kwa silabi moja. Sita na saba huanza kwa sauti ile ile dhaifu. Nne na nane ni kama mtu na mdogo wake. Mahali katika ramani ya kijeshi hutajwa kwa kawaida kwa tarakimu 6, tatu za mashariki na tatu za kaskazini, na jibu huwa sahihi kwa mita 100. Tuseme msikilizaji husikia vizuri tarakimu 95 katika kila 100, jambo ambalo huonekana kuwa zuri sana. Uwezekano wa kusikia zote 6 sawasawa ni 0.95 ikizidishwa kwa yenyewe mara sita, nayo ni 0.74 hivi. Yaani zaidi ya ujumbe mmoja katika kila minne utapotoka. Tena kosa halina ukubwa mmoja. Likiangukia tarakimu ya mwisho, "sita" kusikika "saba", helikopta itakuwa mita 100 pembeni, na rubani ataona moshi. Likiangukia tarakimu ya kwanza, "nne" kusikika "nane", itakuwa kilomita 40 mbali. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne anayeuliza nadharia ya uwezekano ina faida gani apewe hesabu hii.

Waingereza na Wamarekani walikuwa na shida kama yetu. "Tano" na "tisa" za Kiingereza zina irabu moja, kwa hiyo katika redio tisa hutamkwa "naina". Alfabeti ya "Alfa, Bravo, Charlie" iliyoanza kutumika kimataifa mwaka 1956 haikutungwa mezani. Maneno yake yalijaribiwa kwa watu wa mataifa 31, wakasikilizishwa, makosa yao yakahesabiwa, na maneno yaliyoshindwa yakatupwa hata kama yalikuwa mazuri. Hata tahajia ya "Alfa" na "Juliett" iliwekwa kwa makusudi ili asiyejua Kiingereza asikosee kutamka. Hiyo ndiyo kazi ambayo ingefaa Kiswahili kifanyiwe. Tabia yetu imekuwa kufasiri: neno la Kiingereza huletwa, kamusi hufunguliwa, kikao hukaa, na fasiri hutangazwa. Kwa sheria au kwa uchumi njia hiyo yatosha. Kwa redio haitoshi, maana neno linaweza kuwa na fasiri kamili na bado likaua.

Mfano ulio wazi ni "rudia". Katika Kiingereza cha redio neno la kawaida la kurudia lina mwiko, kwa sababu kwa wapiga mizinga maana yake ni "pigeni tena palepale"; badala yake husemwa "sema tena". Mfasiri asiyejua sababu ataona mwiko huo hauhusu Kiswahili na ataweka "rudia". Irabu ya mwisho ikifa katika mkwaruzo, doria iliyotakiwa kurudia ujumbe itasikia "rudi" na kugeuka nyuma. "Simama" nayo ina maana mbili, ya kukoma mwendo na ya kuinuka. Mtu aliyelala chini ya risasi asiambiwe neno hilo. Na "sawa", neno tulipendalo kuliko yote, lina maana ya nimesikia, nimekubali, nitatenda, mambo ni mazuri, na wakati mwingine nimechoka na maneno yako. Katika chombo ambacho uso hauonekani, "sawa" haina maana hata moja.

"Ndiyo" ni hatari iliyofichika zaidi. Msemaji wa Kiswahili akiulizwa "Hamjafika darajani?" na kweli hawajafika, hujibu "Ndiyo, hatujafika". Anathibitisha kauli ya muulizaji. Msemaji wa Kiingereza katika hali hiyo hukanusha. Katika brigedi yenye mataifa matatu, ambamo mmoja anafikiri kwa Kiswahili na kusema Kiingereza, swali lenye kukanusha lina majibu mawili yanayopingana, na yote ni ya kweli. Kanuni ingekuwa fupi: swali la kukanusha lisiulizwe redioni. "Mko wapi?" yatosha.

Saa yetu ni fahari yetu, na hapa ni taabu. Saa 2 asubuhi ya Tukuyu ni 0800 katika maandishi ya kijeshi, na anayefasiri kwa haraka huandika 0200. Tofauti ya saa sita inatosha kabisa kukosa mapambano au kuyaingia peke yako. Zaidi ya hayo mashariki ya Kongo iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Saa 2 asubuhi ya Tukuyu ni saa 1 asubuhi ya Beni, na ni 0500 kwa saa ya kimataifa ambayo wanajeshi huiita Zulu. Malawi na Afrika Kusini hutumia saa moja na Beni, kwa hiyo katika brigedi ya 2013 ni Mtanzania peke yake ambaye saa ya mkononi aliyotoka nayo nyumbani ilikuwa ya uongo, na mazoea yake ya kuhesabu yalikuwa tofauti juu ya uongo huo.

Yapo pia mambo ambayo si ya fizikia wala ya sarufi. Katika Rungwe, kama kwingi nchini, mtu haanzi shauri kabla ya salamu. Anayefika kwa Mnyakyusa bila kuulizia usiku ulivyopita huhesabiwa kuwa hakulelewa. Na mdogo hamwambii mkubwa aseme tena. Hunyamaza, huitika, kisha huenda kumwuliza mwenzake kimya kimya mzee alisema nini. Adabu hii imejenga vijiji vyema. Ndani ya simu ya upepo ni maafa matupu. Utaratibu humtaka koplo amwambie meja "sema tena yote baada ya 'daraja'", kisha amrudishie amri yake neno kwa neno, na meja aseme "sahihi" au "kosa". Kijana aliyefundishwa miaka kumi na minane kwamba kuhoji ni utovu wa heshima hatajifunza kinyume chake katika majuma machache ya maandalizi ya safari. Afunzwe mapema kwamba katika chombo hicho kurudisha maneno ndiyo shikamoo yenyewe.

Watasema wengine kwamba yote haya ni bure, kwa kuwa lugha ya kazi ya misheni hizo ni Kiingereza au Kifaransa. Ni kweli kwamba afisa huripoti makao makuu kwa Kiingereza. Lakini sajini anapomwita dereva wake, au doria inapokutana na askari wa Kongo njiani, au mwanamke wa kijijini anapopewa namba ya kuita msaada, hawasemi Kiingereza. Saa ya hofu mtu hurudia lugha aliyoiota. Wengine watasema kwamba kusema Kiswahili Kivu ni kumpa adui masikio, kwani kila mtu hukielewa. Hoja hii ina uzito zaidi, ila imekosea mahali. Kiingereza nacho si fumbo. Waasi wasiokosa msomi hata mmoja wanakielewa. Siri ni kazi ya vyombo vya kufumba sauti na ya vitabu vya misimbo, na ujumbe uliofumbwa ukiwa na "sita" iliyosikika "saba" umefumba kosa tu. Hoja ya tatu, kwamba siku hizi kuna setilaiti na ujumbe wa maandishi, yajibiwa kwa ufupi: mwenye jeraha mkononi haandiki.

Kinachopendekezwa basi ni upimaji. BAKITA, vyuo vikuu na wenye ujuzi wa mawasiliano wakae na orodha ya maneno 60 au 70, wayarekodi kwa sauti za watu wa makabila mbalimbali, wayapitishe katika chaneli nyembamba yenye mikwaruzo, na wahesabu. Lugha za kwanza za wasemaji ni muhimu hapa. Kinyakyusa cha asili, kwa mfano, hakina r wala z, na zipo lugha nyingine nyingi nchini zenye mapengo ya namna hiyo mahali pengine. Neno lolote ambalo maana yake inategemea kutofautisha r na l, au z na s, liondolewe katika orodha, hata likiwa limo katika kamusi tangu zamani.

Shule za sekondari hazina haja ya kungoja. Kurusha mawimbi bila leseni ni kosa. Leseni ya redio ya ridhaa hutolewa na TCRA, na alama za wito za Tanzania huanza na 5H, kwa hiyo shule yenye uwezo yaweza kuomba. Ila jaribio la maana halihitaji mtambo. Mwalimu na aandike tarakimu 100 bila mpangilio, kila moja ikitokea mara 10. Msomaji akae nyuma ya blanketi zito lililotundikwa mlangoni, kwani blanketi hupunguza mitetemo ya juu kuliko ya chini, na redio iliyofunguliwa mahali pasipo kituo ivume kando yake. Wasikilizaji waandike wanachosikia, moja moja, bila kuulizana. Kisha ichorwe jedwali la safu 10 kwa 10: kushoto tarakimu iliyosemwa, juu iliyosikika. Zile zilizo katika mshazari zimesikika sawa. Zilizotoka nje ya mshazari ndizo za kuangaliwa. Jaribio lirudiwe tarakimu zikisomwa mara mbili mbili, lirudiwe tena kwa maneno "vuka", "usivuke" na "marufuku kuvuka", na lirudiwe msomaji akiwa mwanafunzi aliyekulia Mwakaleli, kisha aliyekulia Tanga. Majina yasiandikwe. Yaandikwe lugha ya kwanza ya msomaji, lugha ya kwanza ya msikilizaji, na idadi ya makosa, na kama ni siku ya mvua juu ya bati, hilo nalo liandikwe pembeni.